Daftari la Risasi Zilizokwama

Simu iliingia Jumapili alasiri, Houston ikiungua kwa joto la Agosti. Aliyepiga alikuwa kijana wa miaka 26 anayeishi Dallas, mtoto wa dada, aliyeajiriwa karibuni kuwa mlinzi wa silaha kwenye ghala la dawa. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya kuulizana habari za nyumbani Kisauni, Mombasa, alieleza kilichomsibu. Amenunua bastola mpya ya milimita tisa, haijashikwa na mtu mwingine. Ameipeleka uwanja wa shabaha, amepiga kisanduku cha kwanza cha risasi 50, nayo imekwama mara nne.

"Inajam, mjomba. Rafiki yangu aniambia nichukue msasa, nilainishe pale risasi inapopandia. Asema itakwisha."

"Usiuguse huo msasa," mjomba alijibu, kwa ukali aliojutia baadaye. "Iweke bastola kabatini, ufunge. Kisha uchukue kalamu."

Mjomba huyo ndiye mwandishi wa makala haya. Usiku ule alitoa kwenye droo daftari la shule lenye jalada la buluu, kurasa zake zimelainika kwa alama za vidole vyenye mafuta. Ndani mna tarehe, idadi ya risasi, namba ya magazini, na safu moja ndefu aliyoipa kichwa cha neno moja: "Ilikwamaje?" Safu hiyo ilimgharimu miaka mitatu na mtutu mmoja ulioharibika, na ndiyo aliyotaka mpwa wake aipate bila gharama.

Bastola yake ya kwanza aliinunua mwanzoni mwa 2013. Alikuwa ameshakaa Marekani miaka saba, ana kadi ya ukaazi wa kudumu, na kampuni ya ulinzi aliyoifanyia kazi ilikuwa imemwahidi kumtoa kwenye lango la maegesho na kumpa zamu ya usiku yenye malipo mazuri zaidi, mradi awe na leseni ya jimbo na silaha yake mwenyewe. Dukani alijaza Fomu 4473 kwa mwandiko wa polepole, akihofia kukosea hata jina la mtaa. Kabla ya mafunzo hakuwahi kushika bastola. Mombasa aliyokulia, bunduki ilikuwa kitu cha askari, na Ceska, aina ya bastola, lilikuwa jina la kusikia kwenye taarifa ya habari polisi wanapotangaza walichomkuta nacho mshukiwa.

Siku ya kwanza uwanjani, risasi mbili zililia. Ya tatu haikulia. Slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma na kwenda mbele kila risasi inapotoka, ilisimama njiani, na pua ya risasi ilionekana imejikita chini ya mlango wa chemba. Aligeuka kutafuta msaada, bastola ingali mkononi.

Msimamizi wa uwanja alimdaka kifundo cha mkono na kuurudisha mtutu upande wa shabaha kabla hajatamka neno. Kisha akamwelekeza kwa utulivu: kidole nje ya triga, mtutu mbele, toa magazini, vuta slaidi nyuma, tazama kwa macho yako kama chemba iko tupu. Baada ya hapo ndipo mtu anaweza kuanza kuuliza kwa nini imekwama. Watu watatu walikuwa wamesimama nyuma yake siku ile. Sura zao hazikumbuki, lakini anakumbuka kwamba mmoja alikuwa na mtoto wa kike aliyevaa viziba masikio vya rangi ya waridi. Kila anapomfundisha mtu, huanza na mtoto yule.

Majuma machache baadaye aliona jambo la hatari zaidi. Jirani yake uwanjani alivuta triga, ukatoka mlio hafifu, kama kizibo cha chupa. Yule bwana alidhani bastola imekwama tu, akataka kuvuta slaidi na kupiga tena. Msimamizi alimpigia kelele asimame. Bastola ilipofunguliwa, kichwa cha risasi kilikutwa kimenasa katikati ya mtutu. Fataki iliwaka, lakini baruti ilikosekana au ilikuwa kidogo mno. Risasi ya pili ingekigonga kile cha kwanza, na mtutu ungeweza kupasuka mkononi mwake. Kwenye daftari ukurasa huo una sentensi moja iliyopigwa mstari mara mbili: mlio ukibadilika, acha kila kitu. Ndivyo pia triga inapovutwa na kimya kikatawala: mtutu hubaki umeelekea shabaha nusu dakika au zaidi, kwa sababu zipo fataki zinazochelewa.

Ili kuelewa kukwama kwenyewe, alilazimika kwanza kuelewa kisichokwama. Baruti inapoungua, gesi hukisukuma kichwa cha risasi mbele na slaidi nyuma. Ukucha mdogo ulio kwenye slaidi huvuta ganda tupu, ganda hugonga kijichuma na kurushwa nje. Springi iliyo chini ya mtutu, iliyobanwa slaidi iliporudi, huisukuma tena mbele. Ikipita juu ya magazini slaidi hukumba risasi ya juu. Pua ya risasi hugusa kijia kilichoinamishwa chini ya chemba, hupanda, huingia, na kitako chake huteleza hadi chini ya ule ukucha. Yote hayo hutimia chini ya sehemu ya kumi ya sekunde. Kila hatua hutegemea kasi na nguvu ya ile iliyoitangulia, ndiyo maana kosa linaloonekana mbele mara nyingi limezaliwa nyuma.

Yeye hakuyajua hayo. Alirudi nyumbani akiamini ameuziwa bastola mbovu. Alipoifungua kwa mara ya kwanza, akifuata picha za kitabu cha maelekezo ambacho alikuwa bado hajakisoma, alikuta mafuta mazito ya kiwandani, yale ya kuzuia kutu wakati wa safari na ghalani, yameganda kwenye njia za slaidi na ndani ya chemba. Kitabu kiliandika wazi kwamba bastola isafishwe kabla ya kupigwa. Akaifuta, akatia matone machache ya mafuta mepesi pale chuma kinapokwaruzana na chuma. Juma lililofuata kukwama kulishuka kutoka mara sita hadi mara tatu katika risasi 50. Alifurahi, akadhani amemaliza.

Aliyemzuia asidanganyike alikuwa mlinzi mwenzake, sajini mstaafu aliyezoea kula chakula chake cha usiku akiwa amesimama. Sajini hakuiomba bastola aitazame. Aliomba magazini zote mbili, akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika 1 kwenye kitako cha moja na 2 kwenye kitako cha nyingine. "Sasa andika," alisema. Daftari likaanzia hapo.

Baada ya safari tatu za uwanjani, ukurasa ulionyesha ambacho macho hayakukiona. Karibu kila kukwama kwa aina ile ya kwanza, pua ya risasi ikichimba chini ya chemba, kulitoka kwenye magazini namba 2. Namba 1 ilikuwa karibu safi. Wakaziweka mezani ubavu kwa ubavu. Midomo ya magazini, zile kingo mbili za juu zinazoishika risasi mpaka slaidi iichukue, haikufanana: kwenye namba 2 upande mmoja ulikuwa umejikunja ndani kidogo, kiasi cha kuonekana tu ukiulinganisha na mwenzake. Risasi iliachiwa kwa kuchelewa, ikiinamisha pua. Kiwanda kilituma magazini nyingine bila malipo. Mwandishi alikuwa ameshapanga bei ya kuiuza bastola kwa hasara.

Makosa ya magazini ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Springi ikilegea, risasi haiinuki kwa wakati na slaidi hupita juu yake. Springi ikiwa mpya na ngumu, na magazini imejazwa mpaka juu kabisa, risasi ya kwanza hubanwa kiasi kwamba slaidi huihangaikia. Walinzi wengi huweka risasi 14 kwenye magazini ya 15 majuma ya mwanzo, mpaka springi ilainike. Mchanga ukiingia ndani, kile kibao kinachobeba risasi hupanda kwa kusitasita. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohusu bastola yenyewe, lakini mnunuzi huirudisha bastola dukani na magazini zake zikiwa zimechomekwa.

Sajini huyo alipenda kusimulia majaribio ya jeshi la Marekani, na kwa kuwa ni habari iliyoandikwa, inafaa kurudiwa. Jeshi lilianza kushindanisha bastola za kujipakia mwaka 1907. Miaka minne ilipita ya kukwama, kurekebisha na kujaribu upya. Machi 1911 bastola mbili zilizobaki, moja ya Colt iliyobuniwa na John Browning na nyingine ya Savage, zilipigwa risasi 6,000 kila moja. Ya Savage ilipata hitilafu 37. Ya Browning haikupata hata moja, na mwezi huohuo ikapitishwa kuwa bastola ya jeshi. Watu hukumbuka hiyo sifuri. Sajini alimtaka mwandishi aikumbuke miaka minne iliyotangulia, ambapo mtu aliyebuni baadhi ya silaha bora za enzi zake alirudi mezani mara kwa mara na kipande kile kile cha chuma.

Magazini mpya haikumaliza kila kitu. Kulikuwa na kukwama kwa aina ya pili, ambako slaidi ilikaribia kufunga kisha ikasimama milimita mbili au tatu kabla ya kufika. Mwanzoni alikuandika pamoja na kule kwa kwanza, neno "imejam" likifunika mambo yote mawili, na kwa hilo alipoteza miezi miwili. Sajini ndiye aliyemlazimisha kuongeza ile safu ndefu. Risasi iliyochimba chini inaelekeza kwenye magazini. Slaidi isiyofunga inaelekeza kwenye springi, uchafu, au risasi zenyewe.

Na risasi za 2013 zilikuwa na kisa chao. Baada ya mauaji ya shule ya Sandy Hook, Desemba 2012, watu wengi Marekani walihofia sheria mpya za silaha na wakakimbilia madukani. Rafu za milimita tisa zilibaki tupu. Maduka yaliweka kikomo cha visanduku kwa kila mteja. Mwandishi alinunua alichokipata, na alichokipata ni risasi zilizopakiwa upya kwenye maganda yaliyokwisha kutumika, kwenye mifuko ya plastiki isiyo na maelezo. Risasi ya milimita tisa, iliyoanza na Georg Luger mnamo 1902, ina vipimo visivyovumilia uzembe: ganda la milimita 19, urefu wote usiozidi milimita 29.69. Ganda lililotumika hutanuka, na lisiporudishwa sawasawa kwenye kipimo, huingia chemba kama mguu uliovimba kwenye kiatu.

Walifanya jaribio rahisi. Wakautoa mtutu kwenye bastola, ukawa bomba tu lisiloweza kupiga kitu, wakaziangusha risasi moja moja kwenye chemba. Iliyo sawa huingia kwa uzito wake mwenyewe, ikatoa mlio mdogo, na mtutu ukipinduliwa hutoka bila kusukumwa. Katika risasi 50 za mfuko ule, saba zilikataa kuingia hadi mwisho. Hazikurudi tena uwanjani. Aliponunua risasi za kiwandani, za kichwa cha gramu 8 badala ya zile nyepesi, slaidi ilianza kufunga kwa sauti moja isiyobadilika, na springi ambayo alikuwa tayari kuibadilisha ikaonekana ilikuwa ngumu tu kwa upya wake. Ilihitaji risasi mia kadhaa kuzoeana na slaidi, na risasi dhaifu hazikuwa na nguvu ya kuibana.

Likabaki suala la risasi za kazini. Walinzi wengi hubeba risasi zenye tundu nchani, na pua yake butu haipandi kile kijia kama inavyopanda pua ya mviringo. Bastola inayomeza aina moja bila tatizo inaweza kuigomea nyingine. Risasi hizo ni ghali, na alishawishika kupiga kumi tu kisha aamini. Sajini alimwambia mia mbili. Alizinunua kisanduku kimoja kila mshahara, akazimaliza mwezi wa nne tangu aanze. Hazikukwama. Usiku wa kwanza alipoingia zamu na bastola ile kiunoni alikuwa na kurasa 11 nyuma yake, na alitembea ua wa ghala akiwa mtulivu kuliko alivyowahi kuwa.

Kisa cha 2015 kinamuuma hadi leo. Kampuni ilimwajiri mama mmoja, Mkongo wa Bukavu aliyepitia kambi za wakimbizi kabla ya kuletwa Texas, ambaye mwandishi alifurahi kuzungumza naye Kiswahili usiku kucha, kila mmoja akikishangaa Kiswahili cha mwenzake. Alipewa bastola ya kampuni iliyotumiwa na wanaume wanne bila malalamiko. Mikononi mwake ilikwama kila baada ya risasi chache. Msimamizi wa zamu alitamka mbele ya watu kwamba kazi hii si ya wanawake.

Sababu ilikuwa ya kimwili na rahisi. Slaidi hurudi nyuma kwa nguvu tu endapo mwili wa bastola umetulia. Kifundo cha mkono kikilegea, bastola nzima hurudi pamoja na slaidi. Mwendo wa slaidi hupungua, ganda halitoki vizuri, risasi inayofuata haipandi. Pia alikuwa ameweka kidole gumba juu, kikikwaruza slaidi inapopita. Hakuna aliyemwonyesha. Mwandishi alimwambia, "Mama, hebu tazama," akachukua bastola ile ile, akapiga kwa mkono wa kushoto pekee, kifundo kikiwa kimelegea. Ilikwama kwenye risasi ya pili. Yule mama alitazama bila kutabasamu, akairudisha mikononi mwake, akabana, akanyoosha, akashusha kidole gumba. Risasi mia moja zilitoka jioni ile bila kusimama. Msimamizi hakuwapo kuziona, na maneno yake hakuwahi kuyafuta.

Mwaka uliofuata ndipo lilipotokea la msasa, na hili mwandishi hana wa kulaumu isipokuwa nafsi yake. Alikuwa ameshaanza kuitwa fundi na wenzake. Rafiki alimletea bastola mpya iliyokwama kwa risasi za tundu. Mwandishi, aliyekuwa na daftari zima la kumfundisha kubadilisha jambo moja kwa wakati, hakuuliza magazini ni ngapi wala risasi ni za aina gani. Aliona mikwaruzo ya mashine kwenye kijia, akachukua msasa, akakisugua mpaka king'ae. Mkono ulipenda ile kazi; kung'aa kulionekana kama maendeleo. Alichofanya ni kuubadilisha mwinamo wa kijia na kuula ukingo wa chini wa chemba, sehemu inayolikumbatia ganda karibu na kitako chake. Baada ya hapo maganda yalitoka na uvimbe mdogo upande mmoja, mahali ambapo chuma cha kuyazuia hakikuwapo tena. Shinikizo la gesi humo ndani ni kubwa mno. Ganda likipasuka pale, moto na vipande hushuka kwenye magazini na kiganja. Walisimama mara walipouona uvimbe. Alimnunulia rafiki yake mtutu mpya kwa mshahara wake. Ikaja kujulikana kwamba risasi za rafiki zilikuwa fupi kuliko bastola ile ilivyozipenda. Risasi za kampuni nyingine zilipita zote.

Mtutu ule alioharibu bado anao, kwenye droo moja na daftari.

Mwaka 2019 alikwenda nyumbani. Binamu yake mmoja Nairobi ana cheti cha kumiliki silaha, na wakati huo alikuwa ametoka kwenye uhakiki mpya ambao serikali iliwaamuru wamiliki wote wapitie. Mwandishi hakugusa silaha; sheria haikumruhusu, naye uwanjani alikaa nyuma ya kamba akitazama. Kilichomshangaza ni umakini wa binamu. Kwa Kenya, cheti hutaja hata idadi ya risasi anazoruhusiwa mtu, na bei ya risasi si ya mchezo. Hakuna anayeweza kuteketeza mia tano ili springi ilainike. Kwa hiyo binamu alianzia nyumbani na risasi bandia, za plastiki na shaba, zisizo na baruti wala fataki. Alipakia, akavuta slaidi hadi mwisho na kuiachia yenyewe bila kuisindikiza kwa mkono, akatazama kila moja inavyopanda. Kuisindikiza slaidi taratibu, alieleza, ni kuinyima springi nguvu yake, na wageni wengi huifanya bastola ikwame kwa upole huo. Mwandishi alikaa Texas miaka kadhaa akinunua kwa dola jibu ambalo risasi bandia sita zingempa mezani, na jioni ile hotelini aliandika ukurasa mzima.

Hayo yote aliyafupisha kwenye simu na mpwa wake kuwa maagizo machache. Safisha mafuta ya kiwandani. Ziandike magazini namba. Risasi za aina moja, za kiwandani. Usibadilishe vitu viwili siku moja. Ikikwama, mtutu mbele, kidole nje, itazame kabla ya kuigusa, uandike ilivyokaa. Na usiibebe kazini mpaka nikuambie. Kazini tumia ya kampuni.

Kijana alipiga simu tena Jumapili ya tatu. Alisoma kutoka kwenye karatasi, kwa sauti ya mtu anayetoa ripoti. Magazini 1, risasi 100, haikukwama. Magazini 2, risasi 100, mara moja, slaidi haikufunga, lakini ilikuwa risasi ya kwanza na alikuwa amejaza mpaka juu. Magazini 3, iliyokuja na bastola kama zawadi ya duka, risasi 50, mara tano, pua chini.

"Hiyo ya tatu umeifanyaje?"

"Nimeitenga, mjomba. Nimeifunga kitambaa chekundu."

"Na zile za tundu?"

"Nimepiga 50. Mia na hamsini nanunua mwisho wa mwezi."

Mwandishi alifungua daftari la buluu, akatafuta ukurasa mtupu, akamwomba asome tena kuanzia mwanzo, polepole, na tarehe zake.